Barua ya Posa na Yai la Korongo

“Nimeipokea,” alisema yule mzee. Akaitia barua ndani ya koti lake, pamoja na kitambaa cheupe kilichoifunika, kisha akafunga kifungo.

Hapo ndipo tulipowaacha Jumapili iliyopita: Jotham amepiga goti juu ya ngazi za hekalu lililobomoka, mikono yake miwili bado imenyooshwa mbele, mitupu, na Brigitha yuko chini ya ngazi, chupa ya chai mkononi, akitamka maneno yaliyotukosesha usingizi wiki nzima.

“Kaka Jotham, huyo si baba mdogo.”

Jotham hakugeuka. Mtu aliyekosea mbele ya watu huwa na matumaini mafupi kwamba asipogeuka, kosa litaondoka lenyewe.

“Umesema?” akauliza, macho yakiwa bado kwa mzee.

“Baba mdogo ni mwembamba. Huyu simjui.”

Kwa msomaji aliyelikosa gazeti la wiki jana, mambo yalikuwa hivi. Allan, mwanafunzi wa uhandisi wa maji mjini Minneapolis, anataka kumwoa Brigitha, mwanafunzi wa uuguzi wa St. Paul. Baba yake Brigitha alikwisha fariki. Mwenye kauli juu yake ni baba yake mdogo, Mzee Elkanah wa Musoma, askari mstaafu wa wanyamapori, aliyekuja Marekani kwa majuma matatu. Mzee alisema neno moja tu na hakulirudia: posa ataipokea kwa mikono yake mwenyewe, si kwa posta wala kwa simu. Akiondoka bila posa, Brigitha atamaliza masomo mwezi wa Agosti na kurudi nyumbani, ambako kazi katika hospitali ya misheni inamngoja. Allan amebakiza miaka miwili ya kusoma. Na Mzee Elkanah anasafiri leo saa kumi na mbili jioni.

Leo ni Jumamosi, mwisho wa mwezi wa Mei, mwaka 1996. Saa inaonyesha saa saba kasoro robo mchana. Wakristo wa Afrika Mashariki waishio katika miji hii miwili wamekuja matembezi kwenye hifadhi ya ndege, kando ya Mto Minnesota, ambako pia kuna kilima chenye magofu ya hekalu la kale. Jotham, anayesomea shahada ya pili ya ualimu na anayeijua desturi kuliko wote, ndiye mshenga.

Na tusimlaumu upesi. Brigitha alikuwa amemweleza kwamba atamkuta mzee mwenye kaunda suti, kofia ya pama na fimbo, ameketi hekaluni akipumzisha magoti. Jotham alipanda ngazi akamkuta mzee mwenye kaunda suti, kofia ya pama na fimbo, ameketi hekaluni akipumzisha magoti. Amwulize jina? Jotham alilelewa Bukoba na bibi aliyemfundisha kwamba kijana hamwulizi mzee jina lake. Kwa hiyo alimwamkia, akapiga goti, akatoa barua kwa mikono miwili. Mzee naye alilelewa mbali na Bukoba lakini kwa namna ile ile: kitu kinachotolewa kwa mikono miwili hakikataliwi.

“Simama, kijana,” alisema mzee kwa upole. “Goti lako litapata baridi ya mawe. Mimi ni Zadock, wa Kapsabet. Nimekuja kumwona binti yangu, Chepkemoi, anafanya kazi ya uuguzi huko Roseville. Kwetu watu hawaleti barua. Huja wenyewe, mara ya kwanza, ya pili, mpaka ya nne. Lakini nimeelewa. Jambo hili nimeliombea miaka mitano.”

Jotham alisimama, akageuka kumtafuta Allan.

Nyuma ya nguzo ya tatu Allan alikuwa amesimama kama desturi ilivyomwamuru. Mwoaji hatamki neno mbele ya wakwe. Mshenga ndiye kinywa chake. Allan alikuwa ameahidi kwamba leo hatatamka hata silabi, na alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Alichoweza ni kupunga mikono.

“Ndiye yule?” aliuliza Mzee Zadock. “Mbona anapunga mikono kama mwenye kuegesha eropleni?”

“Ndiye, mzee. Ila sasa...”

“Ana afya?”

“Anayo, lakini...”

“Hasemi?”

“Desturi haimruhusu.”

“Vizuri sana. Waliokuja kwa dada zake Chepkemoi walisema mpaka chai ikapoa.” Akageuza shingo kuelekea kwenye ukuta ulioanguka. “Kemoi. Njoo umsalimie bwana.”

Chepkemoi alitokea na kamera shingoni. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na moja, mwenye raba nyeupe na macho ya mtu aliyekosa usingizi.

“Bwana wa nani, Baba?”

“Wako.”

“Baba,” alisema Chepkemoi taratibu, “nimetoka shifti ya usiku saa moja asubuhi, nika-drive mpaka huku bila kulala. Niambie tena polepole.”

“Umeposwa.”

“Na nani?”

“Huyo aliyejificha nyuma ya nguzo.”

Chepkemoi alimkagua Allan kutoka viatuni mpaka utosini, kama anavyokaguliwa mgonjwa aliyeletwa bila faili.

“Huyo ni Allan wa Brigitha. Hiyo si siri, Baba. Hata yule mama Mhmong wa kutoka Laos anayetuuzia mchele pale Frogtown anajua.”

Mzee Zadock alivua kofia, akaitazama ndani, kama kwamba huenda jibu lingine lilikuwa humo.

“Kwa hiyo si yako.”

“Si yangu, Baba.”

“Basi.”

Chepkemoi aliketi karibu naye juu ya jiwe, bega kwa bega.

“Kungekuwa na mtu ningekuambia.”

“Kuna mtu?”

“Baba.”

“Nimeuliza tu.”

Jotham aliona kwamba sasa ndipo pa kusema. Alinyoosha koti lake, akatoa maelezo yenye utangulizi, kiini na hitimisho, akaomba radhi mara tatu, na mwisho akanyoosha mikono ili apewe barua yake.

Mzee Zadock alitikisa kichwa.

“Hapana.”

“Mzee?”

“Nilichopewa kwa goti na kwa mikono miwili sikirudishi kwa kijana, kana kwamba narudisha sahani ya jirani. Nitamkabidhi mwenyewe anayestahili, mzee mwenzangu, macho kwa macho. Yuko wapi?”

Wote wanne walimgeukia Brigitha. Brigitha akatazama chupa ya chai.

“Nilimwacha kwenye ubao wa ramani saa nne na nusu,” alisema. “Alisema anakwenda kutazama ndege kwa dakika kumi, kisha apande hekaluni.”

Saa mbili na robo zilikuwa zimekwisha pita.

Chini ya kilima honi ililia mara mbili. Ilikuwa ya Harrison, kijana wa Roseville mwenye gari kubwa, na mwenye mazoea ya kuzungusha funguo kidoleni hata akiwa kanisani. Alikuwa amejitolea mwenyewe kumchukua Mzee Elkanah asubuhi kule Apple Valley, na kumfikisha uwanja wa ndege jioni, jambo ambalo kila mtu alimsifu kwalo.

“Saa tisa kamili tuko barabarani,” sauti yake ilipanda kutoka chini. “Mwambieni mzee wenu asichelewe.”

“Twendeni,” alisema Mzee Zadock, akashika fimbo.

Sasa, msomaji, hekalu hilo limetubeba wiki mbili nzima na linastahili walau maneno mawili. Lilijengwa karne iliyopita na kundi dogo la waumini walioamini kwamba Bwana angerudi na kushukia juu ya kilima kile. Walichonga mawe ya njano, wakasimamisha nguzo nane, wakaezeka kwa mbao, wakangoja. Kilichokuja ni moto. Leo zimebaki nguzo nne, ngazi kumi na tisa, na ubao wenye maelezo ambao Mzee Zadock alisimama kuusoma wote, tangu tarehe ya kwanza mpaka jina la mchapishaji.

“Walijenga kwa mawe wakaezeka kwa mbao,” alisema. “Mtu anayemngoja Bwana haezeki kwa mbao.”

“Mzee, saa,” alisema Jotham.

“Saa ipo. Nimeiona.”

Njia ya kushuka ilikuwa nyembamba, na hapo ndipo tatizo jipya lilipozaliwa. Mzee alitangulia, kama inavyostahili. Nyuma yake wakafuata Chepkemoi, Jotham, Brigitha na Allan, mmoja nyuma ya mwingine, kwa mwendo wa magoti ya mtu wa miaka sabini na mbili. Kati ya vijana wanne wenye miguu mizima, hakuna hata mmoja ambaye angeweza kumpita mzee njiani. Afadhali wangeruka mto kuliko kumpita.

Tena Mzee Zadock hakuwa mtu wa kukutana na watu bila kuwasalimu. Kila Mzungu aliyeshuka au kupanda na darubini yake alishikwa mkono, akaulizwa habari za nyumbani, za watoto na za mvua, kwa Kiingereza cha taratibu. Bwana mmoja mwenye koti la mvua aliulizwa kama wazazi wake wangali hai. Alisimama, akafikiri, akajibu kwa kirefu, na walipoachana macho yake yalikuwa na maji.

Saa saba na dakika ishirini. Saa saba na nusu. Saa nane kasoro kumi.

“Allan amegeuka rangi,” Brigitha alimnong’oneza Jotham.

“Asiseme tu.”

“Hasemi. Ndiyo sababu amegeuka rangi.”

Walifika kwenye kinamasi. Hapo ilianza njia ya mbao iliyojengwa juu ya maji, ikipita katikati ya matete marefu. Bata bukini walikuwa wametawanyika kila upande na makinda yao ya manjano. Mwisho wa njia palikuwa na mnyororo, na juu ya mnyororo kibao chenye maandishi mekundu kilichosema kwamba mtu yeyote asipite, kwa kuwa ndege wanaatamia.

Juu ya kibao kile ilikuwa imetundikwa kofia ya pama.

Chini yake, fimbo.

Brigitha aliangusha chupa ya chai. Kofia aliitambua kwa utepe wa kijivu alioushona mwenyewe Alhamisi. Kofia ilikuwepo, fimbo ilikuwepo, mwenyewe hakuwepo. Mbele yao palikuwa na matete, na baada ya matete maji meusi yasiyoonyesha kina chake.

“Baba mdogo,” aliita.

Bata bukini ndio waliojibu.

“Baba mdogo,” aliita tena, na safari hii sauti ilimkatika katikati.

Mkono mwembamba ulichomoza kutoka katika matete, hatua sita tu kutoka walipokuwa. Ulikunja vidole vinne, ukaacha kimoja, na kidole hicho kikarudi ndani kuelekea mahali ambapo, kwa makadirio, ilikuwepo midomo.

“Nyamazeni,” ulinong’ona mkono. “Mtamwinua.”

Mzee Elkanah alikuwa amelala kifudifudi juu ya nyasi kavu, kidevu juu ya ngumi, suti yake imejaa matope mpaka kwenye mifuko. Kando yake alikuwa amelala mama wa Kizungu mwenye nywele nyeupe na sare ya hifadhi. Naye alikuwa katika hali ile ile ya matope, na alionekana kuridhika kabisa.

“Huyu mama alikuja kunifukuza,” alieleza Mzee Elkanah bila kugeuka. “Nikamwonyesha nyayo za yule mnyama wao mwenye barakoa, rakuni, zikielekea kwenye kiota. Amepita hapa jana mara mbili. Huyo hula mayai. Mama akaona nina haki, akalala. Tangu hapo tunalinda zamu.”

“Baba mdogo, saa nane zinafika. Safari yako...”

“Mama, nimelinda faru miaka ishirini na sita. Siwezi kumwacha korongo kwa sababu ya eropleni.”

Na kweli, mbele yao, palipokuwa na uwazi mdogo katikati ya maji, korongo mkubwa wa kijivu mwenye utosi mwekundu alikuwa ameketi juu ya lundo la matete. Aliwatazama kwa jicho moja la njano, bila urafiki.

“Kuna mzee mwenzako anataka kuzungumza nawe,” alinong’ona Brigitha.

“Anayetaka kuzungumza nami alale.”

Vijana walimtazama Mzee Zadock. Mzee Zadock akaitazama suti yake.

“Hii ni ya kwendea kanisani,” alisema.

“Basi simama, bwana. Korongo atainuka, yai litapoa, na wewe utakwenda kanisani.”

Ilichukua dakika nzima, mkono mmoja begani kwa Chepkemoi na mwingine begani kwa Jotham, lakini Mzee Zadock alilala. Afisa wa hifadhi alisogea kumpisha, kisha akawapungia vijana wapite chini ya mnyororo, mmoja mmoja. Wakalala nyuma ya wazee, safu moja, Allan akiwa wa mwisho kulia.

Sasa, nani angedhani kwamba watu wenye saa moja tu mkononi wangeanza na salamu? Lakini wazee wawili waliokutana ugenini kwa mara ya kwanza wangeanza na nini?

“Habari za Kapsabet?” alinong’ona Mzee Elkanah.

“Njema. Za Musoma?”

“Njema. Mvua?”

“Ilinyesha kabla sijaondoka. Ng’ombe?”

“Tunao wachache.”

“Wachache wanatosha.”

Jotham alifumba macho. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na saa, na saa ile ilikuwa ikipiga kwa nguvu isiyo ya kawaida.

Hatimaye Mzee Zadock aliingiza mkono ndani ya koti. Kutoa kitu kwa mikono miwili huku umelala kifudifudi si jambo dogo. Ilimbidi aegemee kifua na kuinua viwiko kama mtu anayejifunza kuogelea. Lakini aliitoa kwa mikono miwili.

“Hii ni yako,” alisema. “Ililetwa kwangu kwa heshima, na mimi nimeilinda kwa heshima. Haijafunguliwa. Nilitamani iwe yangu, nakwambia kweli, lakini si yangu.”

Mzee Elkanah aliipokea kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza aliyaondoa macho kwa korongo.

“Ahsante, ndugu yangu,” alisema. “Una binti?”

“Huyo nyuma yako.”

Mzee Elkanah aligeuza shingo kidogo, akamwona Chepkemoi, kamera na raba nyeupe.

“Aliyemlea mtu wa kulala kwenye matope kwa ajili ya posa ya mwenzake hana haja ya kuharakisha,” alisema, akarudi kwa korongo.

Chepkemoi alifuta kioo cha kamera ambacho hakikuwa na vumbi.

“Mshenga ni nani?”

“Ni mimi, mzee,” alinong’ona Jotham. “Sisi ni wageni tuliotoka mbali, na tumefika mbele ya ukoo wako tukiwa na unyenyekevu, kwa kuwa katika kupita kwetu...”

“Punguza.”

Jotham alikuwa ameandaa kurasa mbili. Alikuwa amezisoma kwa sauti bafuni kwa majuma matatu. Alizipima, akazikunja, akaziweka kando.

“Tunamwomba Brigitha kwa ajili ya Allan,” alisema.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema jambo zito kwa sentensi moja, na alishangaa kuona kwamba lilikuwa limekwisha.

“Allan ndiye yule wa mwisho?”

“Ndiye.”

“Kuna mbu kwenye kope yake.”

Wote waligeuza macho, taratibu. Kweli alikuwepo, mbu wa Minnesota, mkubwa kiasi cha kuhitaji leseni, ameketi juu ya kope ya kushoto ya Allan na tumbo lake linazidi kuwa jekundu. Allan alikuwa akimtazama korongo. Shavu halikucheza.

“Hajampiga,” alisema Mzee Elkanah.

“Hawezi kuthubutu, mzee.”

“Nimefundisha askari mia mbili kulala kimya porini. Waliofaulu hawazidi kumi na mmoja.” Akamtazama mbu tena. “Huyu angekuwa wa kumi na mbili.”

Brigitha alificha uso katika nyasi. Tangu asubuhi hakuwa ametabasamu, na hakutaka kuonekana wa kwanza.

“Barua za posa hufunguliwa nyumbani, mbele ya ukoo,” aliendelea mzee. “Lakini nyumbani ni mbali, na hapa tuko wazee wawili. Ndugu Zadock, unakubali kuwa ukoo wangu kwa dakika tano?”

“Nakubali.”

Kitambaa kilifunguliwa. Bahasha ikachanwa kwa ukucha, bila sauti. Mzee Elkanah alivaa miwani, akasoma. Kwa mbali yalionekana maandishi yaliyosimama wima, yaliyopangwa vizuri, kwa wino wa kijani. Kwani Jotham, kama walimu wengi, huamini kwamba wino wa kijani una mamlaka yake.

Alisoma mpaka katikati. Akarudi juu. Akasoma tena.

Uso wake ukabadilika.

“Mshenga,” alisema. “Barua hii umeiandika wewe?”

“Naam, mzee. Kwa mkono wangu.”

“Na hii?”

Kutoka mfuko wa ndani wa suti yake, ule ambao matope hayakuufikia, Mzee Elkanah alitoa kitambaa kingine cheupe. Ndani yake palikuwa na bahasha iliyokwisha chanwa. Ndani ya bahasha palikuwa na karatasi. Na juu ya karatasi, mstari kwa mstari, maandishi yaliyosimama wima, kwa wino wa kijani.

“Nililetewa saa tatu asubuhi kule Apple Valley, kabla hatujapanda gari,” alisema. “Aliyeileta ni mama mmoja wa makamo. Alipiga magoti juu ya zulia la mpwa wangu, akasema anamposea mtoto wa dada yake. Maneno ni haya haya. Hata hapa unaposema mmefika na unyenyekevu.”

Jotham aliichukua karatasi. Chini kabisa palikuwa na jina la mwoaji, na jina hilo alilikumbuka, kwa sababu aliliandika mwenyewe.

Harrison.

Alikumbuka yote. Majuma matatu nyuma, katika chumba cha mashine za kufulia, Harrison alimjia akizungusha funguo, akamsifu kwa Kiswahili chake, akaomba aandikiwe barua ya posa iliyo safi. Jotham aliiandika usiku huo huo. Mahali pa jina la binti aliacha nafasi, mwenyewe ajaze. Sasa nafasi ile ilikuwa imejazwa kwa wino wa bluu, na jina lilikuwa Brigitha.

“Hukumwuliza ni binti gani?” alinong’ona Brigitha.

“Si adabu kumwuliza mtu mambo yake ya ndani.”

“Kaka Jotham,” alisema, kwa ule utulivu unaotisha kuliko kelele, “adabu zako zitaniozesha kwa watu wawili.”

Chepkemoi alihesabu kwa vidole mambo yaliyokuwa wazi sasa: kumchukua mzee asubuhi, kumtuma yule mama na barua, kujitolea kumpeleka uwanja wa ndege jioni, na honi.

“Na sisi tulikuwa tunamwombea baraka,” alisema.

Allan alikuwa amegeuka. Mbu alikwisha shiba na kuondoka. Allan alimtazama Brigitha, na kinywa chake kilikuwa kimefungwa kwa nguvu kiasi kwamba midomo ilikuwa myeupe.

“Yule mama,” aliuliza Brigitha polepole, “alitaka nini, baba mdogo?”

“Alitaka jibu. Alisema kwao barua hailali bila jibu. Nikaona ni neno la heshima.” Mzee Elkanah alivua miwani, akaikunja. “Nikamjibu.”

Hakuna aliyepumua. Hata afisa wa hifadhi, ambaye hakuelewa neno hata moja, aliacha kupumua pamoja nao.

“Ulimjibu nini, baba mdogo?”

Mzee Elkanah alifungua kinywa.

Hapo hapo yule mama wa hifadhi alimshika mkono wa koti. Korongo alikuwa amesimama. Alisimama kwa miguu yake mirefu, shingo imeinama, akitazama kati ya miguu hiyo. Na katika kiota, moja ya mayai mawili lilikuwa limepasuka ufa, na katika ufa kitu chembamba kama ncha ya penseli kilikuwa kikigonga kutoka ndani.

Mzee Elkanah aliinua kidole, akakiweka midomoni.

“Kimya,” alinong’ona. “Anatoka.”

“Lakini baba mdogo, jibu.”

“Kimya, mama.”

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika ishirini. Na kutoka nyuma, mbali kidogo juu ya njia ya mbao, zilisikika hatua. Hatua nzito za mtu asiyejua kuna nini mbele, pamoja na mluzi, pamoja na mlio mdogo wa funguo zinazozunguka kidoleni. Korongo aliinua kichwa. Mabawa yake yalifunguka nusu.

Akiruka sasa, kifaranga kitabaki wazi. Na rakuni anaijua njia.

Jotham hakuweza kuinuka bila kumtisha. Brigitha vivyo hivyo. Ni mmoja tu aliyekuwa mwisho wa safu, karibu na mnyororo.

Allan alianza kurudi nyuma. Alirudi kwa tumbo na viwiko, kidogo kidogo, bila kutikisa hata tete moja, akielekea kwenye hatua zile. Vidole vya Jotham vilimkamata kisigino.

“Hutakiwi kusema mbele ya mkwe wako,” alimnong’oneza. “Desturi, Allan. Ukitamka neno moja, posa imekufa.”

Mzee Elkanah hakuwa ameondoa macho kwenye yai.

“Mwache aende,” alisema. “Nataka kusikia atakavyomnyamazisha.”